Ukarimu na Mtamba wa Jirani

Kamusi yangu inasema ukarimu ni tabia ya kuwapa watu vitu bila choyo, na kwamba neno lenyewe lilitoka kwa Waarabu, kwenye sifa ya mtu mwenye hadhi na moyo wa kutoa. Nimelifundisha miaka mingi hapa Mikumi, nikijiona bingwa. Sasa sina hakika kama ninalijua.

Mama yangu anaishi Tindiga. Alipougua, mimi nikiwa kazini, jirani yake mfugaji, mzee wa Kimasai, ndiye aliyempakia kwenye pikipiki akamfikisha hospitali. Mama aliporudi nyumbani, mzee huyo akanikabidhi mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Akasema ni wangu, basi. Tangu hapo akaacha kuniita Mwalimu, akawa ananiita Mtamba mbele za watu. Nilidhani ananitania, na nilikasirika.

Mimi sipendi kulala na fadhila ya mtu. Tulipovuna nikampelekea magunia ya mpunga, yanayolingana kabisa na thamani ya mnyama. Aliyapokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Kwa hiyo tumemalizana, Mwalimu?"

"Tumemalizana, mzee," nikajibu, nikitabasamu kama mjinga.

Mama ndiye aliyenishukia. "Wenzetu wale wakikupa ng'ombe wamekufanya ndugu. Ndiyo maana alikuita kwa jina la mnyama. Wewe umemlipa kama mwenye duka."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Nenda kamwombe kitu."

Nimwombe? Mtu niliyetoka kumpa? Nilirudi kwenye kamusi, haikunisaidia hata chembe. Kutoa kwangu ndiko kulikomuumiza, na kuomba, kitu nilichofundishwa kukionea aibu tangu utotoni, ndiko kungemponya. Sikuelewa, na hadi leo sielewi vizuri. Nilichojua ni kwamba sikutaka kumpoteza mzee yule.

Jumamosi nikaenda bomani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

Nilikaa, nikahangaika na vidole vyangu, mwisho nikasema mama hana maziwa na mtamba bado hajazaa. Mzee akamwagiza mkewe alete kibuyu, akamimina maziwa kwenye chupa ya kumpelekea mama, nami akanijazia kikombe.

Asante ilinifika mdomoni. Nikaogopa isije ikawa nayo ni malipo, nikanywa kimya.