Ramu Niliyotia Kwenye Brigadeiro

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Jina langu nimelificha, ingawa watu wa mtaa wetu wa Kaptembwo wakisoma watanijua tu.

Mume wangu ni dereva wa trela, mtoto wangu Brian yuko bweni. Mtu niliyebaki naye ni Halima, jirani yangu wa ukuta mmoja. Yeye ndiye aliyeona kwenye simu jinsi Wabrazili wanavyopika brigadeiro, vile vitufe vitamu vya chokoleti. Unakoroga maziwa mazito ya kopo, kakao na siagi mpaka viachane na sufuria. Mimi nilipika, yeye akaviringa na mikono iliyopakwa siagi.

Tukaanza kuuza, tukabuni zetu. Ya nazi, kwa sababu nyanyake ni wa Lamu. Ya njugu. Ya kahawa ilitoka chungu kama dawa, tukacheka mpaka tukakaa chini!

Halafu mwenye nyumba moja ya wageni kule Salgaa akaagiza kitu cha watu wazima. Nikatia ramu. Nilijua Halima ni Mwislamu safi, hagusi pombe. Nilijua!

"Mama Brian, hii inanuka aje?"

"Ni vanila mpya. Viringa bana, inakauka."

Akaviringa. Na kwa vile nilimwambia ni vanila, siku ya Idi akajipakulia sahani kutoka trei ile ile, akampelekea mamake. Walikula wote. Aliyeitambua ramu ni kakake, ambaye aliacha ulevi kwa shida kubwa. Alitema, akatoka nje akilia.

Halima alinirudishia sufuria yangu ikiwa imeoshwa.

"Si ungeniambia tu? Hiyo moja ungepika peke yako, hizo zingine tuendelee."

Ni hayo tu. Hakunitusi. Heri angenitusi!

Nimeomba msamaha mara tatu mlangoni. Anaitikia salamu, anafunga. Siku hizi napika peke yangu, na kabla sijaviringa nusu, iliyobaki imeshakauka kwenye sahani. Jana nilipika ya nazi, nikaacha mlango wazi makusudi ili harufu imfikie. Nikamsikia akifunga dirisha.

Wewe unayepika na rafiki yako, mwambie kila unachotia sufuriani, hata kama atakataa. Mimi niliogopa Halima asusie trei moja. Sasa trei zote ni zangu, na hakuna wa kuonja.