Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Juzi laptop ilinizimikia katikati ya sentensi, nikajikuta nimeweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa na joto, kama siku ile ya utotoni mwangu, mjini Kabati.

Ofisi ya kanisa ilinuka vumbi na wino. Susu, nyanya yangu, alisimulia hadithi huku shangazi Mwende akiichapa kwenye kompyuta.

“Hadithi ni za usiku,” Susu alikuwa amelalamika.

“Lakini mama, ofisi hufungwa jioni,” shangazi akamjibu.

Stima ikapotea, kompyuta ikanyamaza. Shangazi hakuwa amesevu hata neno moja. Akalia.

“Nilikuambia,” Susu akasema. “Hiyo sirudii.” Na hakuirudia mpaka tukamzika.

Mimi niliamini hadithi imejificha nyuma ya kile kioo chenye joto, inangoja giza. Sasa najua haikuwemo. Lakini hadi leo, kioo kikizimika, mimi husikiliza kwanza.