Uso Ndani, Mgongo Nje

Nianze na aibu yenyewe ili tuimalize mapema. Jumamosi moja asubuhi nilishuka kwenye bodaboda stendi ya Vwawa, mbele ya akina mama wa chai na abiria wa Itumba, nimevaa taiti nyeusi ya kubana, imechorwa chaki mapajani, ina pini tatu kiunoni, na nyuma, yaani pale pa kukalia, ina sponji nene kama ya mtoto wa miezi sita. Juu shati la kawaida, vifungo nimefunga vibaya. Shingoni futi kamba. Miguuni kandambili, na hazikuwa pea.

Mama mmoja aliniangalia mpaka chapati yake ikaungua.

"Baba, umeibiwa nguo?"

"Hapana mama, hii nimeshona mwenyewe."

Nadhani jibu hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mimi ni fundi cherehani Tunduma. Shule nilifika darasa la sita. La saba nililiona kupitia dirishani. Miaka yote nilikuwa mtu wa sare za kwaya na kaptura za wanafunzi. Siku hizi nashona nguo za waendesha baiskeli, wale wanaoinama kama wanatafuta sindano iliyoanguka barabarani. Aliyeniingiza huko ni rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Yeye alisoma akawa mwalimu wa hesabu. Mimi nilikuwa nakopi kwake, alipohamishwa dawati na elimu yangu ikaishia hapo.

Mwalimu ana kikundi cha baiskeli, wako tisa. Walikuwa wanavaa jezi za mitumba, zimeshonwa kwa ajili ya Mzungu mrefu kama nguzo ya umeme. Akaniletea moja. "Fundi, huwezi kutushonea hii kwa saizi ya binadamu wa hapa?" Nikasema ni kazi ndogo. Mimi kazi zote huwa ndogo kabla sijaanza. Nikaifumua jezi uzi kwa uzi, na taiti yake pia, nikaona zilivyokaa, nikaanza.

Sponji ya kwanza niliikata kwenye godoro. Kavu ilikuwa raha tupu. Wakaenda nayo Ileje, mvua ikawakuta milimani, godoro likanywa maji yote ya wilaya. Mwalimu akanipigia simu akiwa Itumba: "Fundi, nimekalia ndoo. Kila nikikaa inamwagika, watu wa ofisi ya wilaya wananiangalia miguuni." Nikabadilisha sponji. Ndiyo hiyo nilikuwa naijaribu siku ya aibu.

Sasa, makoti. Miezi ya baridi, barabara ya kutoka Tunduma kwenda Vwawa inajaa ukungu, na ndani ya ukungu mna malori ya mpakani, yanatoka na kuingia. Mwalimu kila Jumamosi huondoka kabla hakujapambazuka kwenda kumwona mama yake jirani na Mbozi Mission. Mkewe akakataa. Akasema bila koti la kung'aa hakuna mtu kutoka kwake na baiskeli. Mwalimu akaniita nikamtulize.

"Shemeji," nikamwambia, mkono kifuani, "koti nitakaloshona mimi, dereva ataliona akiwa bado mlima wa pili."

"Unaapa?"

"Naapa."

Niliapa kabla hata sijanunua uzi.

Mkanda wa kung'aa niliupata Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mama aliyeniuzia alinieleza namna ya kuushona, kirefu kabisa, kwa Kibemba. Kibemba changu kinaishia kwenye salamu ya "mulishani". Yeye akaonyesha upande wa kijivu, akaonyesha macho yake, akafumba, akafumbua, akacheka. Mimi nikaitikia "ee, ee, ee" kama mtu aliyeelewa. Nikafikiri ananiambia macho yanamuuma.

Kila kitambaa kina uso na mgongo. Uso unakaa nje, mgongo unakaa ndani. Hilo najisifia nalijua kwa kidole gumba, hata nikiwa nimefumba macho. Mkanda ule upande mmoja ulikuwa wa kijivu, umefifia kama majivu ya jana. Upande wa pili mweupe, safi. Wewe ungeweka upi nje? Basi na mimi ndivyo hivyo hivyo. Nikashona makoti tisa, kitambaa cha bluu nzito kilichobaki kwenye sare za kwaya, mistari myeupe mgongoni na mikononi. Yalipendeza! Ijumaa jioni Mwalimu akachukua lake, shemeji akanishukuru, akanipa na mkungu mdogo wa ndizi.

Jumamosi alfajiri nilikuwa kibandani peke yangu, mlango nusu wazi, najaribu ile taiti mwenyewe kabla sijamvalisha mteja. Lori likakata kona nje, taa zake zikaingia ndani. Chini sakafuni kulikuwa na kipande cha mkanda kilichobaki, kimelala kijivu juu. Kikawaka kama jicho la paka. Nikainua macho kuangalia makoti nane yaliyoning'inia kwenye kamba. Giza. Yametulia kama kwaya iliyosahau wimbo.

Nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kwenye koti. Hakuna kitu. Nikaielekeza kwenye kipande, kikanipofusha. Nikakigeuza upande mweupe. Hakuna kitu.

Yule mama alikuwa ananiambia kuhusu taa. Mimi nimeshona mgongo nje, uso nimeuficha ndani. Na Mwalimu ameshaondoka zaidi ya saa nzima, yuko kwenye ukungu na malori, amevaa koti la bluu nzito na kiapo changu.

Nikapiga simu. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikapiga nikiwa nakimbia. Kandambili nilizivaa gizani, suruali sikuikumbuka kabisa. Pale kona kuna dereva wa bodaboda ambaye nilimshonea kava la kiti.

"Njia ya Vwawa, twende!"

Akanimulika kutoka juu mpaka chini. "Fundi, umevaa pampasi?"

"Twende, bwana!"

"Sawa, ila usije ukanilowanishia kiti."

Sijui nieleze vipi safari ile. Mimi ni mtu wa utani, msibani mpaka huwa wananihamisha kiti, lakini njia nzima sikuongea. Ukungu ulikuwa mzito, taa ya pikipiki inaona mita chache tu. Lori likija unalisikia kwanza, halafu unaliona liko juu yako. Kila kitu cheusi pembeni ya barabara nilikiona baiskeli. Gunia la mkaa, baiskeli. Mbuzi, baiskeli. Nilikuwa namfikiria shemeji, mkono wake ukinipa ndizi.

Halafu tukakuta matawi barabarani. Kila mtu wa njia ile anajua matawi yakilazwa lami kuna lori limekwama, au kuna jambo. Mbele watu wamesimama duara. Niliruka kabla pikipiki haijasimama. Nikapenya katikati ya watu.

Tairi. Tairi lilikuwa limepasuka, dereva amechuchumaa anazungusha jeki.

"Kaka, umemwona mtu wa baiskeli? Koti la bluu, jeusijeusi?"

Dereva akaitazama taiti yangu kwa heshima zote. "Huyo wa baiskeli ndiye kakuibia suruali?"

"Umemwona au hujamwona?"

"Wa bluu sijamwona. Amepita mmoja wa rangi ya machungwa, anawaka kama kituo cha mafuta. Huyo hata kipofu angemkwepa."

Wangu hakuwa wa machungwa. Nikarudi kwenye pikipiki, baridi inapita kwenye taiti kama haipo. Dereva wa bodaboda naye akanyamaza sasa. Utani ukimwisha dereva wa bodaboda, ujue hali ni mbaya.

Tukaingia Vwawa kumeanza kupambazuka. Ndipo nikashuka stendi na mavazi niliyoyataja. Na hapo, nyuma ya mama wa chapati, kwenye benchi, baiskeli imeegemezwa ukutani, alikuwa amekaa Mwalimu anapuliza chai. Juu ya koti langu amevaa reflekta ya machungwa, ile ya madereva wa bodaboda, ameifunga kiunoni kwa kamba.

Nilimkumbatia mpaka chai yote ikaishia chini. Nililia, sifichi. Nililia nikicheka, pini moja ikanichoma kiunoni, nikalia zaidi.

"Fundi! Kuna nini? Na suruali iko wapi?"

"Hiyo reflekta umetoa wapi?"

"Si koti lako! Nikinyooka liko sawa, nikiinama linapanda mpaka kwenye mabega. Mgongo wote nje. Sijamaliza hata nyumba za mwisho za Tunduma baridi imenikata figo. Nikarudi, nikamgongea jirani wa bodaboda, nikaomba hii niifunge juu ilibane koti chini."

Nilikuwa nimempima amesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Nilimpima kama mwanakwaya. Mwanakwaya hainami.

"Na simu yangu mbona hupokei?"

"Niipokee vipi? Iko kwenye mfuko uliouweka mgongoni mwa koti, mkono haufiki. Imeimba njia nzima. Hata sasa nasubiri mtu wa kunitolea. Hebu ingiza mkono."

Nikaitoa. Simu zote zilizokosa kupokelewa zilikuwa zangu. Nikamweleza habari ya mkanda, uso na mgongo. Akashika ule mstari mweupe mkononi mwake, akaukwaruza kwa ukucha. Mama wa chai, bila kuulizwa, akanirushia kitenge chake. Nikajifunga, nikakaa, nikanywa chai tamu kuliko zote nilizowahi kunywa, na sijui hata kama iliwekwa sukari.

Makoti yote tisa niliyafumua nikayashona upya. Kibandani sasa nimeegemeza baiskeli moja ukutani, mteja anaipanda, anainama, ndipo nampima. Wapita njia wanasimama kucheka na mimi nawauzia vifungo. Mama wa Nakonde nilimfuata nikamwomba anieleze upya, polepole, na kijana wake akatafsiri. Wote wawili walicheka mpaka wakakaa chini. Shemeji nilimwambia ukweli mwenyewe. Hakunitukana. Alinidai tu mkungu wa ndizi.

Koti la Mwalimu nilimpelekea nyumbani jioni moja. Akalivaa, akainama, mgongo ukafunikwa wote. Akapeleka mkono nyuma, akachomoa simu kwa vidole viwili. Shemeji akammulika na tochi kutoka mlangoni, na mtu mzima akawaka uani kama mti wa Krismasi. Nikapumua. Nikaanza kuomba msamaha upya, kwamba koti fupi ni kosa, mkanda ni kosa, na kama si la kwanza kufunika la pili leo tungekuwa tunaongea mengine.

Mwalimu akanishika bega, sauti ile ile ya ubaoni.

"Fundi, hasi mara hasi ni chanya. Tulifundishwa wiki ile uliyotoroka ukaenda Nakonde kuuza karanga."