Benchi la Mlangoni

Dawa zilikuwa kwenye droo ya duka langu la kinyozi, chini ya vitana na brashi, na nilikuwa naziogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Kila nilipovuta droo kutafuta kitana niligeuza macho pembeni, kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Daktari alikuwa amenipa tena zile zile za zamani, akaniambia nianze nikiwa tayari. Sijui ni nani huwa tayari kwa jambo la namna hiyo.

Mimi nanyoa watu hapa Shieywe, mjini Kakamega. Kazi yangu ni kushika vichwa vya watu na kuwaambia wasitikisike, kwa hiyo mtu akitaka kunicheka anayo sababu. Tangu baba augue hadi tukamzika, hofu yangu ya zamani ilikuwa imerudi. Mteja anakaa, namfunga kitambaa shingoni, na ghafla moyo unaanza kukimbia bila kufukuzwa na mtu. Kifua kinabana, viganja vinalowa, na kitu ndani yangu kinasema utakufa sasa hivi, mbele ya kioo, na huyu mtu umemnyoa upande mmoja tu. Natoka nje, najifanya naongea na simu. Wateja wangu ni wavumilivu, lakini hakuna apendaye kuachwa na nusu kichwa.

Kwa nini basi nisimeze? Kwa sababu nilishawahi kumeza, zikanisaidia, halafu nikaziacha.

Mara ile ya kwanza zilinitengeneza vizuri hadi nikasahau kwamba ni zenyewe zilizonitengeneza. Nikaamka asubuhi moja nikaona mwanamume mzima hawezi kumeza tembe kila siku kama mzee wa presha. Nikaacha siku hiyo hiyo, bila kumuuliza mtu. Siku chache baadaye, nikiwa namnyoa mwalimu mmoja, stima ikanipiga. Zzt! Kutoka nyuma ya macho hadi kwenye ncha za vidole. Niliitupa mashine sakafuni.

"Inapiga shoti!" nikasema, na mwalimu akaruka kitini na kitambaa chake shingoni.

Nikaipeleka mashine kwa fundi wa redio. Akaifungua, akaipima, akasema ni nzima. Nikarudi dukani, ikanipiga tena. Nikamrudishia. Alinitazama kwa jicho la mtu anayesingiziwa kazi mbaya, akabadilisha waya, na bado ikanipiga. Nikanunua mashine mpya. Nayo vile vile. Nikang'oa soketi ukutani, nikaweka nyingine. Mwishowe nikawa nanyoa nimevaa gambuti za mpira, mchana wa jua kali, ili miguu yangu isiguse sakafu. Vijana wa bodaboda wakaniuliza kama siku hizi nalima vichwa. Nilicheka nao. Nilikuwa na kizunguzungu, nilikuwa nalia nikisikia tangazo la kifo cha mtu nisiyemjua redioni, ndoto zangu zilinitisha hadi nikaogopa kitanda, na bado niliamini kabisa kwamba tatizo ni soketi.

Halafu Jumapili moja nikiwa kanisani, mikono mitupu juu ya magoti, ikanipiga. Nikageuza kichwa, zzt, ikanipiga tena. Hapakuwa na mashine wala waya. Hapo nikaelewa kwamba shoti ilikuwa ndani yangu, na tangu nizaliwe sijawahi kuogopa vile. Nilidhani ubongo wangu unaungua.

Daktari aliniambia baadaye kwamba hakuna kilichoungua. Ni mwili unaolalamika ukinyang'anywa dawa ghafla, akasema, na dawa kama hizi hupunguzwa pole pole. Ilichukua wiki kadhaa, ikapita. Lakini nilikuwa nimejiapia kwamba sitazigusa tena, na kiapo hicho nilikishika vizuri hadi hofu iliporudi. Sasa nilikuwa katikati. Nisipomeza, duka litanishinda. Nikimeza, iko siku nitahitaji kuziacha, na ile stima ya kichwani itakuwa inaningoja.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia, "hiyo droo haiwezi kukumezea."

Kisha ikafika siku ya kunyoa. Kwetu, upande wa Bukura, mtu akishazikwa jamaa hukutana tena, wafiwa wakanyolewa nywele, watu wakala na kuzungumza mambo ya marehemu. Familia ikiwa na kinyozi, hakuna anayeuliza nani atashika wembe. Mama alinyolewa na mjane mwenzake, kama inavyotakiwa. Vichwa vilivyobaki vilikuwa vyangu. Nilikuwa nimebeba mashine, lakini shangazi aliikataa katakata.

"Hiyo ya stima ni ya mjini," akasema. "Hapa tunanyoanga na wembe."

Nilimnyoa kaka yangu mkubwa, nikamnyoa na mdogo wangu. Kisha akaja binti yangu, wa darasa la kwanza, akakaa kwenye kigoda na kuinamisha kichwa kabla sijamwambia. Ameizoea mikono yangu. Nikalowesha nywele zake, nikaweka wembe juu ya sikio, na mkono ukaanza kutetemeka. Niliiona damu kabla haijatoka. Nikakishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikabana kwa nguvu, lakini mkono haukutulia. Mtoto alikuwa anaimba chini chini, hana habari. Nikaweka wembe kwenye bakuli la maji, nikasema moshi wa jikoni umeniingia machoni, na kaka yangu akaumalizia ule upande.

Watu walidhani namlilia baba. Wakaniachia nafasi, wakaniletea obusuma, ugali wa kwetu, na paja zima la ingokho, kuku ambaye siku nyingine ningempigania. Sikuweza kumeza hata tonge.

Mvua ya alasiri ilipoanza kila mtu alikimbilia barazani. Mama akaja kuketi kando yangu, kichwa chake kikiwa kipya na kidogo kuliko nilivyokijua. Alitazama mikono yangu, wa kushoto bado umekishika kifundo cha wa kulia.

"Baba yako alikuwa anashikanga mkono wake hivyo hivyo," akasema.

Nilimjua baba akiwa ameshika kifundo cha mkono mmoja kwa mkono mwingine, barabarani na mezani. Tulidhani ni heshima zake. Kanisani alikaa benchi la mlangoni maisha yake yote, akisema anapenda upepo. Harusi yangu ilipofanyika Mumias, kwa wakwe, hakuja. Alituma ujumbe kwamba ng'ombe anakaribia kuzaa.

"Si alisemanga ni upepo?" nikamuuliza.

"Upepo gani? Alikuwa anaogopa, mwanangu. Siku zingine alitokanga akasimama nyuma ya jiko mpaka moyo utulie. Nikimwambia hospitali, anakasirika. Miaka hiyo yote, mpaka tumemzika."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mzee aliyelala kwenye kaburi bichi, kwa kunyamaza, kwa kuniacha nidhani ni mimi peke yangu katika ukoo mzima niliyeharibika. Kisha nikamwona amesimama nyuma ya jiko, mtu mzima, akingoja moyo wake, na nikamhurumia.

Ungedhani nilirudi mjini nikameza. Sikumeza. Nilikwenda kwa daktari kumuuliza: nikipanda na dawa hizi, nitashukaje? Akanieleza: kidogo kidogo, kwa miezi, naye akiniangalia, na nisiache hata tembe moja kwa akili yangu mwenyewe. Akaongeza kwamba siku za mwanzo ninaweza kujisikia vibaya zaidi kabla ya nafuu kuja. Nilimshukuru, na nikatoka naogopa kuliko nilivyoingia.

Jumapili iliyofuata niliamua angalau tukae mbele kanisani, si mlangoni kama baba. Mke wangu alikuwa na kwaya, kwa hiyo niliingia na binti yangu peke yetu, kichwa chake kimefungwa leso. Mabenchi ya mbele yalikuwa matupu. Aliniachia mkono, akaketi benchi la mlangoni, akapigapiga ubao kando yake.

"Baba, hapa."

"Twende mbele leo. Wenzako wako kule."

Alitikisa kichwa.

"Kule mbele mtu hawezi kutoka," akasema.

Hakuna aliyemfundisha. Mimi sijawahi kumwambia neno hata moja kuhusu mlango. Nilikaa pale alipoonyesha, na mahubiri yote sikusikia kitu.

Ibada ilipokwisha tulipitia dukani. Nilifungua, nikavuta droo, nikasogeza vitana, nikatoa tembe moja. Nikachota maji kwa kikombe, nusu yakamwagika kifuani. Niliogopa nikimeza, na nilipokwisha kumeza niliogopa vile vile, nikasimama nikisikiliza kichwa changu. Kisha nikafunga droo. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ananingoja.