Yowe la Les Cyprès

Matajiri wa Gitega na matajiri wa Muyinga wana ugomvi wao, na ugomvi wenyewe ni wa nyumba. Muyinga ndio waliotangulia. Walijenga Cité Mirador juu ya barabara inayokwenda mpakani Kobero, nyumba zinazofanana kama mayai, bwawa la kuogelea, na vijia vilivyopewa majina ya maua ambayo hakuna mtu wa huko aliyewahi kuyaona. Gitega, tangu waambiwe kwamba wao ndio mji mkuu wa Burundi, wakaona wametukanwa. Wakainua Les Cyprès kando ya njia ya Mutaho, wakaweka uwanja wa tenisi, duka la mikate, na ukuta mrefu kuliko wa Mirador. Muyinga wakaongeza nyaya za umeme juu ya ukuta wao. Gitega wakaleta kamera. Ukiwasikia kwenye harusi wanavyotambiana, utadhani wamejenga mbingu mbili na kilichobaki ni Mungu kuchagua ahamie ipi.

Josephat alikuwa amelinda zote mbili. Alizaliwa kilimani Nyarusange, upande wa Gitega, akakulia Tanzania katika kambi za Kasulu, akarudi akiwa na ndevu na Kiswahili cha shule, akakuta shamba la marehemu baba yake limepandwa mihogo ya watu wengine. Hakutaka kesi. Alimwoa Jeska, naye mtoto wa kambini kama yeye, wakapanga chumba, na Josephat akatafuta kazi ya kutumia mwili kwa kuwa mwili ndio pekee aliorudi nao. Mirador wakampa rungu na koti la mvua.

Sasa, mtu wa kilimani ukimwambia habari ya yowe, usidhani anafikiria kelele. Yowe likipigwa unatoka. Unatoka na chochote ulichoshika, jembe au panga au mwiko wa kusongea ugali, na huulizi ni nani wala ana kosa gani. Ukiwa unakimbia unalipokea na kulipaza ili kilima cha pili wasikie. Asiyetoka ataitwa kesho yake mbele ya watu aeleze alikuwa wapi, na atatoa faini ya mtungi wa bia ya ndizi huku amenuna. Ndivyo ilivyo Nyarusange, na hata kambini, chini ya maturubai, watu waliishi hivyo.

Kwa hiyo jioni ile wezi walipoingia Mirador kwa mlango wa bustani, jua bado liko juu ya mapaa na watu wanakunywa soda bwawani, Josephat alifanya kile ambacho angefanya popote. Alipiga yowe. Kisha akawazuia njia kwa rungu lake, akijua kwamba kazi yake ni kuwachelewesha tu mpaka watu wafike.

Hawakufika. Panga la kwanza lilishuka kwenye kiwiko cha kushoto, akasikia mfupa wake ukilia kama kuni kavu. La pili lilimpasua taya. Alipiga yowe tena, damu ikamjaa mdomoni, akaitema na kupiga la tatu. Bwawani watu waliokota glasi zao wakaingia ndani. Kwenye dirisha la jirani alimwona mama ambaye yeye Josephat alikuwa akimbebea mtungi wa gesi kila mara. Mama yule alimtazama akikatwa, akavuta pazia. Wezi walichukua walichotaka wakaondoka kwa kutembea, hata kukimbia hawakukimbia. Alipotoka hospitali mkono haukunjiki tena, msimamizi alimwambia kwamba makelele yake yamewatia watoto hofu, na kwamba nafasi yake imeshapata mtu.

Gitega walimpokea kwa furaha ya ajabu. Simoni, meneja wa Les Cyprès, alimwajiri palepale, na haikuchukua muda Josephat akaelewa kwa nini. Kila walipokuja watu wa kutazama nyumba, Simoni alimwita kutoka getini.

"Josephat, kuja hapa. Onyesha mkono."

Josephat anapandisha shati.

"Mumeona? Huyu walimukata kule Mirador. Mirador, mbele ya bwawa yao! Hapa kwetu, jamani, jamais, hata siku moja. Geuza na taya waone."

Anageuza taya. Wanawake wanasema maskini, wanaume wanauliza bei ya nyumba. Siku moja bwana mmoja alimgusa kovu kwa kidole, kama anayepima unene wa kitambaa. Josephat alimchukia Simoni siku hiyo, na hakuacha kumchukia. Lakini mshahara ulikuja kwa wakati, na Jeska alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine shuleni.

Sheria kubwa ya Les Cyprès ilikuwa utulivu. Mlinzi hapigi kelele. Akiona jambo, anamwita meneja kwa redio ya mkononi na kungoja. Na jambo likiwa ndani ya nyumba ya mtu, basi hajaliona.

Nyumba ya kwanza karibu na geti ilikuwa ya Thomas, mhandisi wa barabara, na mkewe Ghislaine, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa na duka la vitenge sokoni. Ghislaine hakuwahi kumwita Josephat "sentineli" kama wengine. Alimwita kwa jina, akamletea chai ya maziwa asubuhi zenye baridi. Zilikuwepo pia asubuhi ambazo aliileta chai amejifunga kitenge kufunika shavu. Josephat alikwishamwambia Simoni, si mara moja. Simoni alijibu, "Hiyo iko mambo ya ndani. We chunga geti."

Upande wa pili wa ukuta aliishi Vumilia, mkulima, mjane, aliyesoma na Josephat kambini. Ukuta ulipojengwa ulipita katikati ya shamba lake la maharage, na nusu nzuri ikaenda chini ya uwanja wa tenisi. Alipewa karatasi ya kumwambia afike ofisini, akafika, akaambiwa arudi. Bado alikuwa anarudi. Hata hivyo kila asubuhi alimsalimia Josephat kupitia vyuma vya geti, akamuuliza hali ya Jeska.

Jumamosi moja watu wa kilima walikuwa kwenye kazi za pamoja, kama kila Jumamosi, wakichimba mfereji chini ya ukuta ili mvua isibebe njia. Wenyeji wa Les Cyprès hawakutoka. Walituma makreti ya Fanta, wakaona wameshiriki vya kutosha.

Ndipo Ghislaine akalia.

"Ananiua! Mukuye! Muniokowe!"

Alitokea barazani anakimbia, bila viatu, uso upande mmoja umevimba na damu inamchuruzika kwenye shingo. Thomas alimfuata nyuma, ameshika pasi ya umeme, waya wake unaburuzika. Alimshika nywele, akampigiza kichwa kwenye nguzo ya baraza, mara moja, na mara ya pili kwa utulivu zaidi, kisha akamburuta kurudi ndani. Mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Josephat aliinua redio. "Shefu, Thomas anamuua mke wake. Ameshika pasi. Njoo haraka."

"Usitoke getini," redio ikasema. "Écoute, sikiliza, hao ni bwana na bibi. Wataelewana."

Kutoka ndani kilisikika kishindo, kisha sauti ya Ghislaine ikatoka kama ya mtu anayekabwa. Mkabala, jirani aliyekuwa akimwagilia majani alisimama na mpira wa maji mkononi, akitazama baraza lenye damu. Akafunga bomba. Akakunja mpira vizuri, akaingia ndani kwake.

Kule kukunja mpira ndiko kulikommaliza Josephat uvumilivu. Aliitupa redio chini ikapasuka. Akabonyeza kitufe, geti likaanza kufunguka, na yeye akajaza kifua hewa akapiga yowe ambalo alikuwa amelimeza tangu Muyinga.

Nje ya ukuta hakuna aliyeuliza ni nani. Majembe yaliacha udongo. Sauti ya Vumilia ndiyo iliyolipokea kwanza, kisha zingine, na kabla geti halijafika mwisho watu walishaingia, matope mpaka magotini, wanaume na wanawake, wakikanyaga majani ambayo hawakuruhusiwa hata kuyatazama. Josephat aliwaonyesha mlango. Majembe matatu yaliupiga pamoja na ukaanguka ndani.

Thomas alikuwa amepiga magoti juu ya mkewe nyuma ya kochi, waya wa pasi ameuzungusha shingoni mwake, anavuta kwa mikono miwili. Uso wa Ghislaine ulikuwa umebadilika rangi. Josephat alimpiga Thomas rungu la mgongo, Thomas akauachia waya na kugeuka na ile pasi, akamkita nayo kwenye paji la uso. Ngozi ilipasuka, jicho moja likajaa damu. Josephat hakurudi nyuma. Alimpiga mkononi mpaka pasi ikaanguka, akampiga begani, akampiga mbavu, na tuseme ukweli, si mapigo yale yote yaliyokuwa kwa ajili ya Ghislaine. Mengine yalikuwa ya yule mama wa pazia. Mengine yalikuwa ya Simoni na kila mtu aliyewahi kulitazama taya lake kama bidhaa. Alisikia raha, na raha ile ilimtisha.

Kisha watu wa kilima wakamchukua Thomas kutoka mikononi mwake. Mipini ya majembe ilipanda na kushuka. Televisheni ilipasuliwa, kabati la vyombo likaangushwa, kioo kikatapakaa kote, na mtu mmoja akawa anapiga teke tumbo la Thomas huku anapaza sauti, "Shamba letu! Shamba letu!" Hapo Josephat akaelewa alichokifanya. Kilimani yowe humkuta mwizi ambaye ni jirani, mwenye mama anayejulikana, na watu humpiga wakikumbuka kwamba kesho wataonana. Hapa kilima hakikumwona jirani. Kiliuona ukuta, umelala chini, na unavuja damu.

Alijitupa juu ya Thomas. Mpini uliokuwa unashuka ulimpata yeye kwenye mtulinga, ukavunjika mfupa na mpini pia.

"Basi!" Vumilia alipiga kelele, akasimama juu yao na jembe lake mwenyewe ameliinua, si kuwapiga bali kuwazuia wenzake. "Tumeitwa kwa ajili ya mwanamke! Mwanamke huyu hapa, anakufa, na nyinyi mnavunja sahani!"

Akaliweka jembe chini. Akamfungua Ghislaine waya shingoni, akamwinua, akamfunga mgongoni kwa kitenge chake kama anavyobebwa mtoto, na wanawake wawili wakamshikilia miguu. Magari mengi yalikuwa yameegeshwa Les Cyprès. Hakuna mlango hata mmoja uliofunguliwa. Walimtoa getini na kusimamisha lori la ndizi lililokuwa linapita, wakampandisha juu ya mikungu, likaelekea hospitali.

Polisi walipofika ndipo wenyeji wakatoka, wakiwa na simu zao. Thomas, amekaa barazani na kitambaa cha pazia kichwani, alisema watu wa kilima walivamia nyumba yake, wakampiga yeye, wakampiga mke wake. Jirani wa mpira wa maji akasema ameona kwa macho yake. Kamera zikafunguliwa. Kamera za Les Cyprès zote zilitazama nje, kilimani, kwa hiyo zilionyesha watu wenye majembe wakikimbilia geti, na zaidi ya hapo hazikuonyesha kitu. Polisi wakaanza kuwafunga mikono kwa kamba, Vumilia miongoni mwao.

Simoni alimvuta Josephat pembeni, akamshika bega ambalo halikuvunjika. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Josephat hakuwahi kuisikia hivyo.

"Sema walikulazimisha. Neno moko tu. Utabaki na kazi, tutakujengea nyumba ndogo hapa getini, bibi na watoto wakuje. Ukisema ingine, mi siwezi kukusaidia. Fikiri Jeska."

Alimfikiria. Aliona chumba chao, aliona mtoto na sare yake ya shule, aliona miezi ya Jeska akiomba unga kwa majirani. Aliona pia kwamba kuanzia kesho Simoni angewaonyesha wateja paji lake la uso na kuwaambia ni kazi ya watu wa kilima. Akajichomoa mkononi mwa Simoni, akatembea hadi kwa afande, akasema kwa sauti ili wenyeji wote wasikie.

"Mimi ndiye niliyefungua geti. Mimi ndiye niliyewaita. Yule bwana alikuwa anamnyonga mke wake kwa waya wa pasi, na hawa wote mnaowaona na simu walikuwa wanasikia. Jirani yule alikunja mpira wake akaingia ndani. Mwandike hivyo."

Jirani alitazama viatu vyake. Afande alimtazama Josephat kwa muda, damu ile, mkono usiokunjika, mtulinga uliochomoza chini ya shati. Kisha akafanya lililokuwa rahisi. Akamwambia apande gari pamoja na wengine.

Mikono yake haikufungika nyuma, mmoja haukunjiki na mwingine haunyanyuki, wakamwacha hivyo. Gari lilikuwa limejaa. Vumilia, kamba zikimkata vifundo, alijisogeza kwenye bati akamwachia nafasi. Walipopita getini Josephat alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Wakati mnampandisha kwenye ndizi, ulimtazama?"

"Nilimtazama."

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua. Alinishika kidole."

Vumilia aliegemeza kichwa kwenye ubavu wa gari na kufumba macho.

"Basi hatukuchelewa," akasema.