Celestine Aloo na Vumbi la Ovaroli

Celestine Aloo hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Alimwambia daktari hivyo mara ya kwanza, akamwambia mara ya pili, na alipoulizwa mara ya tatu akavua miwani akamkazia macho.

"Daktari, mimi ni fundi wa kushona. Uliza kitu kingine."

Daktari Naswa akauliza kazi ya mumewe.

Hapo ndipo mambo yalipoeleweka. Joram Obonyo alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika karakana moja mjini Kisumu, ambayo sasa imefungwa. Kazi yake ilikuwa kuzungushia mabomba ya mvuke asbesto, nyuzi za madini zisizoshika moto, ili yasipoteze joto. Kila jioni alirudi mweupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Celestine alichukua ovaroli, akaikung'uta nyuma ya nyumba, kisha akailoweka.

"Ukiloweka bila kukung'uta, maji yanakuwa uji," alimweleza daktari.

Vumbi hilo lilikuwa limekaa kifuani mwake zaidi ya miaka thelathini, likazaa saratani kwenye utando unaozunguka mapafu. Joram naye alipigwa picha ya kifua. Mapafu yake yalikuwa mazima.

Jioni hiyo Joram alishindwa kula. "Mama Debra, nimekuua."

"Nyamaza! Wewe ulikuwa unatafutia watoto chakula. Wenye karakana ndio walijua. Mkubwa wenu aliingia mle ndani bila kitambaa puani siku gani? Kama unataka kulia, utalia ukinisindikiza ofisini."

Wakaenda ofisi ya fidia za wafanyakazi. Karani akapekua faili. "Mama, jina lako halimo. Hukuwa mfanyakazi wao."

"Nilifua nguo zao za kazi miaka kumi na tisa. Mfanyakazi nilikuwa, hawakuniandika tu."

Karani akapokea barua yake bila kuahidi chochote. Celestine akamwambia atarudi kila mwezi, na akawa anarudi.

Kisha paa la karakana ile likabomolewa. Mabati yake ya asbesto yakafikishwa soko la Otonglo, na mchuuzi aitwaye Wasike akawa anayavunja kwa nyundo ili yatoshe vibanda vya kuku na mapaa ya jikoni. Celestine aliposikia, akapiga simu kwa watu wa mazingira, halafu akaenda mwenyewe, akipumzika kila hatua ishirini. Joram alimfuata na mitungi ya maji. Celestine akayamwagia yale mabati maji yote, vumbi likalala.

"Mama, unaniharibia biashara!" Wasike akafoka.

"Ndiyo."

"Hii kitu imekaa juu ya nyumba miaka hamsini, haijaua mtu."

"Ikiwa nzima imetulia. Ukiigonga nyundo inatoa vumbi. Na huyo mtu unayemtafuta ndiye mimi. Niangalie vizuri."

"Kama ni sumu, mbona hukimbii?"

"Mimi imeshaniingia. Itaniua mara ngapi?"

Wanunuzi walioanza kusogea wakarudi nyuma. Celestine akasimama upande upepo unakotoka, na kila aliyekuja kuuliza bei akamweleza kuhusu kifua chake. Kesho yake akarudi, na siku ya tatu pia. Ndipo maofisa wakaja wamevaa barakoa, wakayalowesha mabati, wakayafunga kwa plastiki nzito na kuyapakia kwenye lori. Wasike alitukana mpaka lori likaondoka.

Lakini mwanamke mmoja, Dorca, alikuwa ameshaezeka jiko lake kwa mabati hayo, na alikataa kuyatoa. Jumapili, ingawa alikuwa ametolewa maji kifuani siku mbili tu kabla, Celestine alikwenda kwake. Dorca akafunga mlango. Celestine akageuza ndoo, akaikalia, akasubiri pumzi irudi.

"Dorca," akasema kwa sauti ya kupita mlangoni, "sina haraka. Nimekuja na uji wangu."