Maji ya Kukandia Injini

Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu yangu, uani kwetu Ibra, Oman, nikikaza boliti moja iliyozoea kulegea, Bibi Raya aliponiuliza kama njia ya Yemen bado inapitika. Aliuliza kama anavyouliza iwapo mkate umeiva. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi na chupa ya samli, kakaa kizingitini anavua viatu.

"Inapitika kwa anayetaka kufa," nikamjibu.

"Basi wewe unafaa. Huna mke, huna kazi."

Hakuwa anatania sana. Skuli niliiacha darasa la tisa, na tangu hapo nilikuwa nimelinda mayai ya kasa Ras al Jinz, nimeuza vipuri Izki, nimechuma tende Manah, na kila mahali niliondoka pale nilipokwisha kujua kazi inakwendaje. Ndugu zangu wana ofisi zenye viyoyozi. Mimi nilikuwa na pikapu ya milango minne na hamu ya kuona mlima ulio nyuma ya mlima.

Bibi Raya alikuwa na mdogo wake, Bi Zuhura, aliyeolewa Pemba na muuza duka wa Kiyemeni. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar kila mume alirudi kwao na mkewe. Bibi akaletwa Ibra, Bi Zuhura akapelekwa kijiji cha milimani karibu na Dhamar, na tangu hapo hawakuonana. Zilikuwa barua, halafu zikawa simu. Sasa Bi Zuhura alikuwa mjane asiye na mtoto, vita vilikuwa vimefika bonde la jirani yake, na daktari wa Nizwa alikuwa amesema moyo wa Bibi umechoka. Bibi alitaka kumwona mdogo wake kabla vita au moyo havijamaliza kazi.

Nilikwenda. Sitasema nilikwenda kwa ushujaa. Nilitaka pia kuiona Yemen.

Njia ilinichukua siku sita. Kila kizuizi watu wenye bunduki waliniuliza nakwenda wapi, nikawaambia nakwenda kumchukua bibi yangu, wakacheka, wakaniacha nipite. Katika jangwa la Mahra rejeta ilianza kuvuja. Nikaiziba kwa gundi, nikaongeza maji. Kisima kilichofuata nikaongeza tena. Nilipoanza kupanda milima, ile dawa ya kijani inayotiwa ndani ya rejeta ilikuwa imekwisha yote, mna maji matupu. Sikujali. Kwetu dawa hiyo ni ya joto, tunaitia injini isichemke. Baridi ya Ibra mtu huvaa koti, akanywa kahawa, ikapita. Kwamba maji yanaweza kuganda ndani ya gari, hilo sikuwahi kulisikia, na mimi ni mtu niliyesikia mengi.

Nilifika alasiri ya Jumatano nyingine. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, kavaa makoti mawili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Raya kanenepa?"

"Kidogo."

"Nilijua. Ingia, chai inapoa."

Tangu afe mumewe alikuwa hana wa kuzungumza naye Kiswahili ila mbuzi wake watatu. Walikuwa wanakifahamu kuliko binamu zangu wa Maskati. Akiwaambia "ondokeni hapo" wanaondoka.

Jioni akaja jirani yake, Mukbil, fundi cherehani aliyefiwa na mke, mwembamba, jambia kiunoni na futi ya kupimia nguo shingoni. Alileta habari. Kizuizi cha barabara ya mashariki kitafunguliwa kesho, tangu jua kuchomoza mpaka adhuhuri, kwa wazee na wagonjwa. Baada ya adhuhuri pande mbili hazikuahidiana kitu. Toka kijijini mpaka kizuizini ni mwendo wa saa mbili.

"Ondokeni mapema," akasema.

Tulisali Alfajiri, nikatoka. Ardhi ya uani ilikuwa nyeupe. Nikadhani mtu amemwaga chumvi, nikainama nikaionja; ilikuwa barafu. Nikaingia garini, nikawasha. Injini ilinguruma kidogo, halafu mkanda ukalia mlio wa paka aliyekanyagwa, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa.

Mukbil akaruka ukuta. "Zima. Maji hukuyamwaga?"

"Niyamwage kwa nini?"

Alinitazama kwa huruma. "Hapa kila dereva akirudi nyumbani jioni humwaga maji ya gari ndani ya ndoo. Asubuhi huyarudisha. Nilidhani mtu aliyelifikisha gari hapa kutoka Oman anajua gari."

Nikafungua kifuniko cha rejeta, nikaingiza bisibisi. Ilikuwa kama kugonga jiwe.

Bi Zuhura akatoka na furushi lake la nguo, makoti sasa matatu. "Limekufa?"

"Limeganda, Bibi. Nachemsha maji nilimwagie."

Alinishika mkono kabla sijafika jikoni. "Mzazi humkandi kwa maji ya kuunguza. Ukimwanzia hivyo unamuua. Unaanza vuguvugu, unapanda kidogo kidogo, mpaka mwili wenyewe ukubali."

Pemba, kabla ya kuolewa, alikuwa msaidizi wa mama yake katika kukanda wanawake waliojifungua. Hata huku milimani aliwakanda wake wa majirani katika arubaini ya uzazi, kwa kitambaa na maji ya moto, na wakamheshimu kwa hilo. Baadaye fundi mmoja wa Nizwa aliniambia kwamba chuma kilichoganda ukikimwagia maji yanayochemka hupasuka, na ningekuwa nimelizika gari palepale. Bi Zuhura hakujua chuma. Alijua mwili.

Tatizo lilikuwa moto. Gesi ilikuwa haijafika kijijini kwa muda mrefu, na kuni alizokuwa nazo zilitosha birika moja. Mukbil akarudi kwake, akaja na gunia la mkaa begani. Ulikuwa mkaa wa pasi yake.

"Na nguo za watu?" nikauliza.

"Kuna bwana arusi Jumamosi. Ataoa na mikunjo."

Tukalifunika gari mablanketi yote ya nyumba, mbele mpaka kwenye kioo. Chini ya injini tukaweka bati, juu ya bati jiko la mkaa lenye moto mdogo. Bi Zuhura akapandisha mikono ya koti, akachovya kitambaa, akakamua, akakandika ubavuni mwa injini. Halafu kingine. Ndani ya sufuria alikuwa ametia majani ya rehani.

"Rehani ya nini?" nikamuuliza.

"Sijawahi kukanda bila rehani. Usinifundishe kazi."

Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha rejeta iko wapi, pampu ya maji iko wapi, mabomba yanapita wapi. Naye alikuwa anauliza kila kitu, hiki ni nini, kile kinafanya nini, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona nimeutoa kwa nani udadisi wangu. Alilisemesha gari kwa Kiswahili. "Tulia, mama. Kitambaa cha kwanza ndicho kichungu." Mukbil akauliza anasema nini. Nikamfasiria. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ndipo tukasikia ndege.

Mukbil aliacha kucheka.

Mvuke na moshi vilikuwa vinapanda juu ya ukuta, vyeupe, katika asubuhi isiyo na wingu. Ua wetu pekee ndio uliokuwa unafuka.

Mukbil akavuta jiko kwa mikono mitupu, akalifukia mchangani. Mimi nikamlaza Bi Zuhura chini ya ukuta, nikamlalia.

Ndege ikapita. Ikazunguka.

Mbuzi walinyamaza.

Bomu liliangukia ng'ambo ya kilima. Ardhi ilinipiga kifuani. Udongo ukamwagika kutoka ukutani, kidogo kidogo, kama unga unaochungwa.

Tukangoja. Sauti ya ndege ikaenda mbali, ikaisha.

"Ondoka juu yangu," Bi Zuhura akasema. "Maji yanapoa."

Mukbil alikuwa ameungua viganja. Alivitia ndani ya sufuria ya rehani, akavitazama, akasema leo hatashika sindano, afadhali, atapumzika. Halafu akawasha mkaa upya.

Ilipofika saa tatu rejeta ilianza kudondosha maji. Saa tatu na nusu nikasikia kitu kinabingirika ndani ya bomba, kipande cha barafu, na nikajua tumeshinda. Sikujua bado kwamba barafu ilikuwa imetoboa pa kutokea. Ubavuni mwa injini kuna vizibo vidogo vya bati, na kimoja kilikuwa kimesukumwa nje. Kila tulichomimina kilitoka hapo.

Nikakaa chini. Adhuhuri ni saa sita na ushei. Saa mbili za njia.

Mukbil akachungulia lile tundu, akapima kwa kidole kama anavyopima kifungo. "Mti," akasema. "Mti mgumu. Ukilowa utavimba."

Bi Zuhura akaingia jikoni, akatoka na mwiko wake, akampa. Nikasema, Bibi, huo wa zamani.

"Kwani Ibra hakuna miko?"

Mukbil akaupunguza mpini kwa jambia, ameshika kwa ncha za vidole kwa sababu ya viganja, akaukata, akauzungushia kitambaa. Nikaupigilia kwa jiwe. Tukajaza maji ya vuguvugu. Nikawasha. Injini ikakohoa, ikatetemeka mwili mzima, ikashika.

Ilikuwa saa nne na robo. Tulimpandisha Bi Zuhura mbele. Mbuzi aliwaaga mmoja mmoja kwa majina, akamkabidhi Mukbil. Nikamwambia Mukbil, nyuma kuna nafasi, twende.

"Na mbuzi nimwachie nani?" akasema, akacheka.

Nikatazama saa. Nikafunga mlango.

Tulifika kizuizini wanaume wawili wakivuta mnyororo kuziba njia. Mwenye ndevu za mvi akainua mkono, akaja dirishani, akatazama karatasi, akamtazama Bi Zuhura, kisha akanusa.

"Gari lako linanukia rehani."

"Limetoka kukandwa," Bi Zuhura akamjibu, Kiarabu cha Dhamar na neno moja la Kiswahili katikati. Mzee yule hakuelewa, lakini alicheka, akamwashiria mwenziwe ateremshe mnyororo. Hatukuwa tumefika mbali tuliposikia mizinga nyuma yetu.

Kizibo cha mti kilihimili mpaka Ibra. Bibi Raya alikuwa amevaa nguo yake ya Idi tangu asubuhi. Watu wote wa nyumba walikuwa wamejiandaa kulia.

"Umekuwa mfupi," Bibi akasema.

"Na wewe mnene. Mjukuu wako kaniambia."

Waliingia ndani, na kabla ya Magharibi walikuwa wanagombana nani aliyevunja mtungi wa mama yao kule Wete. Walilala chumba kimoja, wakagombania televisheni, wakacheka vicheko vya wasichana. Bibi aliwahi kula tende za mwanzo za mwaka ule. Alifariki mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa mdogo wake, na hilo ndilo alilokuwa amelitaka.

Habari ya Mukbil ilitufikia kabla ya hapo, Ibra kukiwa bado na baridi. Mpwa wake alipiga simu. Kombora lilianguka usawa wa duka lake, naye alikuwa ndani, kwenye cherehani. Viganja vilikuwa vimepona.

Bi Zuhura alilia siku tatu, kisha akaacha. Mimi sikulia, ila kulikuwa na jambo lililonikalia, na mwisho nikamweleza. Kwetu mgeni akikataa kahawa humwachi. Unamwambia tena, unamwapia, mpaka achukue kikombe hata kama hanywi. Kwa kikombe cha kahawa tunafanya hivyo. Mukbil nilimwambia mara moja, nikatazama saa.

"Angekataa hata ungemwambia mara kumi," Bi Zuhura akasema. "Nimeishi naye jirani, namjua."

Huenda. Lakini zile mara tisa sikuzisema.